Bunduki Zisizo na Majina: Wapiganaji wa Kawaida katika Tawasifu ya Tippu Tip

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Mwandishi aliiandika kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode akaichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Aghalabu husomwa kama hati ya historia ya biashara ya pembe. Uhakiki huu unaisoma kama masimulizi ya vita, na swali lake ni moja: ni nani hasa anayepiga bunduki ndani yake?

Vita vyenyewe havikuwa vya majeshi yaliyojipanga safu kwa safu uwandani. Bunduki nyingi za misafara zilikuwa za kushindilia: baruti na risasi hutiwa mdomoni, hushindiliwa, kisha hulipuliwa kwa gumegume au fataki. Muda wa kushindilia mara moja humtosha mpiga upinde kufyatua mishale kadhaa. Katika msitu kama wa Masako, yapata kilomita 14 kutoka Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, macho hayafiki mbali, na unyevu ni adui wa baruti. Mahali pa namna hiyo, nguvu ilikuwa katika vikundi vidogo vilivyotawanyika, maboma, wajuzi wa njia, na hofu iliyotangulia mlio.

Hofu hiyo inajitokeza katika fani. Masimulizi ya vita dhidi ya Nsama wa Itabwa, mwaka 1867, yanakwenda kwa nafsi ya kwanza na kwa mwendo wa haraka: msimulizi anaingia mjini, anajeruhiwa kwa mishale, anashinda. Jina lake mwenyewe analieleza kuwa ni tanakali ya sauti ya bunduki zake. Basi mlio wa silaha za watu wengi umekuwa jina la mtu mmoja.

Hapa ndipo penye udhaifu wa kazi hii. Nguvu ya msafara hupimwa kwa idadi ya bunduki, kama vile faida inavyopimwa kwa frasila. Jamaa na wakubwa hutajwa. Mshika bunduki wa kawaida humezwa na silaha yake. Ilhali wengi wao walikuwa watu wa bara, baadhi yao wametekwa wangali watoto, kisha wakapewa bunduki kuwateka wengine. Mgongano huo wa nafsi, ambao ungeipa kazi uzito wa tanzia, haukuguswa.

Ulinganisho unasaidia. Benjamin Harris, fundi viatu wa kikosi cha 95 cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1800, alimsimulia afisa Henry Curling mambo aliyoyaona vitani, na kitabu kikatoka mwaka 1848. Humo, safari ya kurudi nyuma hadi Vigo mwaka 1809 ni njaa, baridi na viatu vilivyokwisha. Vita vinaonekana kutoka chini.

Yaweza kujibiwa kwamba tawasifu haidaiwi zaidi ya nafsi ya mwenyewe. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Vita vya mwaka 1892 hadi 1894 dhidi ya Dola Huru ya Kongo viliangusha utawala wa wakubwa wa misafara, lugha ikabaki. Iliitwa Kingwana, kwa jina la waungwana, yaani wafuasi hao hao wa misafara. Walioifikisha lugha hii maporomokoni, na kuiacha vinywani mwa watu, ndio ambao kitabu kimewahesabu bila kuwataja. Kwa hiyo tawasifu hii isifundishwe peke yake. Isomwe sambamba na masimulizi ya wazee wa Kisangani na vijiji vyake, ambamo huenda bado mna majina.