Kuziba jino bila umeme

Anayeishi Kibaha mjini ana Hospitali ya Tumbi karibu. Mzazi wa Magindu, Kibaha vijijini, au wa Vikumburu huko Kisarawe, jino la mwanawe likiuma huwaza nauli kwanza. Akija kuipata, jino limeoza hadi kwenye mshipa na dawa iliyobaki ni koleo.

Mbinu ya kukwepa koleo ilizaliwa hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza na wenzake kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliinadi mbinu hiyo kwa mataifa yote.

Katika kambi ya meno shuleni, mtoto hulazwa juu ya meza ya darasani, kichwa kikielekea dirishani. Pamba huzuia mate. Tundu hupanuliwa kwa kifaa chenye ncha kali, kisha uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo sana. Kwa kuwa sehemu iliyokwisha kuoza haina hisia, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki. Kazi ngumu ni kujua pa kuishia: kingo za tundu zisafishwe kabisa, lakini chini, karibu na mshipa, mkono wa pupa huharibu jino ambalo lingepona. Baada ya hapo tundu hupakwa asidi hafifu, huoshwa na kukaushwa, unga na maji ya saruji ya meno iitwayo glasi-ayonoma vikakorogwa na kujazwa, halafu kidole kilichopakwa mafuta ya mgando kikakandamiza. Mtoto asile kwa saa moja. Saruji hiyo hugandamana na jino lenyewe na huachia floraidi polepole.

Si mwarobaini, hata hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa katika meno ya utotoni, vizibo vya upande mmoja wa jino vilidumu miaka miwili kwa asilimia 93; vya pande mbili au zaidi, asilimia 62 tu. Tabibu mkweli huchagua jino.

Yanayobaki ni ya kijiji: meza, maji, ruhusa ya wazazi, na kuaminiwa. Tangu miaka ya 1980 sehemu nyingi za nchi zimeripoti imani ya "meno ya plastiki", ambapo mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha huchanwa fizi ili kung'olewa vichipukizi vya meno vinavyodhaniwa kumwuguza. Daktari wa kupita hawezi kuifuta imani hiyo kwa hotuba ya asubuhi moja. Bibi wa mtoto na mhudumu wa afya wa kijijini wanaweza. Huko New South Wales, Australia, Waaborijini walishirikishwa kupanga huduma ya meno, na vijana wao wakasomeshwa usaidizi wa tabibu wa meno. Kamati zetu za shule hazishindwi hilo.

Kwa madiwani wa Kibaha na Kisarawe: bajeti ya kambi ya meno isiyo na fungu la kurudi shule ileile mwaka unaofuata kukagua vizibo, msiipitishe.