Udongo Ndio Unaooka

Mkate hauokwi na moto. Najua waokaji waliobabuka vidole watanicheka, lakini kauli yangu siiondoi. Kazi ya moto ni kuupasha udongo. Udongo ndio unaooka. Asiyesadiki na aweke donge lake la unga juu ya makaa matupu, aone linavyoungua nje huku ndani lingali bichi. Kati ya makaa na unga panatakiwa kitu kizito, kikavu, kisicho na pupa. Ulaya na Marekani kitu hicho huuzwa madukani: bamba la jiwe au la udongo uliochomwa, linaloingizwa katika oveni ya nyumbani ili piza ipate sakafu ya moto, badala ya kulala juu ya bati jembamba. Sisi tuna kigae.

Hapa Wamaza, katika nchi hii ya Kasongo na Kabambare, tunapikia kuni na makala, juu ya mafiga au juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Kwa hiyo nikisema kuoka nyumbani, msomaji wa Dar es Salaam au wa Muscat asitafute kitufe cha kuzungusha. Oveni ninayoisifu ni sufuria pana yenye mfuniko wa bati. Ndani yake mna mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu ya mchanga kuna kigae, chini kuna makaa, na makaa mengine yamepaliwa juu ya mfuniko. Basi. Mwenye uwanja mpana atajenga tanuri la matofali kwa udongo wa kichuguu, ule ambao mafundi matofali wengi wa Kongo huupenda, lakini tanuri hula kuni nyingi kabla ya mkate wa kwanza kuingia. Kwa nyumba ya watu sita au saba, sufuria na kigae vinatosha.

Tumeupata wapi ujuzi huu? Kuoka juu ya udongo hakuna mwenyewe. Dunia nzima imekufanya. Lakini mikate yetu mingi ilikuja na njia moja. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, huyo Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake makuu. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,300 hata kwa mstari ulionyooka, na misafara haikunyooka: Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa, kisha milima na misitu ya Maniema. Majeshi ya Wabelgiji, yakiongozwa na Francis Dhanis, yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, daktari wao Sidney Hinde alikuta ghala zimejaa mchele, mahindi na kahawa, na bustani za machungwa na makomamanga, akayaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1897. Neema ile ilijengwa kwa pembe za ndovu na kwa shingo za watu waliouzwa. Siwezi kuipaka asali. Ila wenyewe walipoondoka au kuuawa, mpunga haukuondoka. Haikuondoka sala, wala kanzu, wala lugha hii ninayoiandika.

Na vyombo? Chombo cha udongo hakifai kubebwa kichwani miezi kadhaa. Kinavunjika kabla ya Tabora. Kwa hiyo nadhani kigae hakikusafiri. Kilichosafiri ni mkono uliokijua, na mkono ukifika mahali unatafuta udongo wa hapo. Mfinyanzi wa Maniema hakuhitaji kufundishwa chochote kuhusu moto. Labda aliombwa tu, kwa mara moja, asiinue kingo za chungu, akiache kipana na kifupi.

Mtazame mama wa Unguja akioka mkate wa ufuta, maana hapo ndipo kigae huonyesha kazi yake yote. Rojo lake ni la unga wa ngano, tui la nazi na hamira. Limeumuka mpaka ukilivuta linatoa nyuzi. Kigae kiko jikoni kitambo, wala hakina tone la mafuta. Anachovya mkono katika bakuli la maji, anachota rojo, analitua katikati, kisha kwa vidole vilivyolowa analisukuma kuelekea ukingoni kwa miguso mifupi mifupi, mkono ukirudi kwenye maji kila mara. Kwa kuwa hakuna mafuta, mkate unashika, na huko kushika ndiko anakokutaka. Vitundu vikianza kutoboka juu, anamwagia ufuta, anakamata kigae kwa kitambaa na kukipindua juu ya makaa. Mkate unaning'inia kichwa chini, uso umeelekea moto, wala hauanguki. Baada ya dakika chache anakigeuza tena, anapitisha kisu ukingoni, anaubandua. Chini umekauka, juu una madoadoa ya kahawia, ufuta umenukia nyumba nzima. Siku hizi wengi hutumia kikaango cha chuma kwa kazi hiyo, na mkate unaiva, siwalaumu. Lakini chuma chembamba kina joto pale tu penye kaa chini yake, ndiyo maana mkate wa kikaango mara nyingi una doa jeusi upande mmoja na weupe upande wa pili.

Huku kwetu nazi ni ya kununua, na ngano haioti katika joto hili. Unga wake hutoka mbali na bei yake hupanda na barabara ikiharibika. Mchele tunao. Mchele uliolowekwa usiku kucha, ukatwangwa au ukasagwa, ukatiwa hamira kidogo na sukari, ukaachwa uumuke, hutoa mkate ambao juu ya kigae hupata ganda jembamba lenye kulia chini ya meno. Ukiwa katika mafuta hupata utamu mwingine. Hii ni nchi ya mawese, na mimi si adui wa mawese, lakini mafuta hufunika ladha ya mchele wenyewe. Juu ya udongo mkavu mchele hauna pa kujificha. Kama uliloweka mbovu, utajua.

Kinachotokea pale chini kinaeleweka. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa donge la mkate ni maji, na maji yakichemka hayavuki nyuzi 100. Mpaka tabaka la chini likauke, haliwezi kugeuka kahawia, kwa sababu rangi ile na harufu ile huanza kwenye nyuzi 140 hivi. Ndiyo maana bati baridi hutoa mkate mweupe wenye unyevu chini. Kigae kilichoshiba joto hulitoa kwa nguvu mara unga unapokigusa; mvuke unapata njia kupitia vitundu vya udongo badala ya kunaswa kati ya unga na chombo; tabaka la chini linakauka upesi na ganda linaanza. Kisha kigae kinapunguza kasi. Chuma hupitisha joto mara kumi na zaidi kuliko udongo, na watu husikia hivyo wakadhani chuma ni bora. Waulize Napoli. Matanuri yao, kwa kanuni za chama cha piza halisi kilichoundwa mwaka 1984, hufikia nyuzi 485 kwenye kuba na kama 430 sakafuni, na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Sakafu hiyo hupendelewa iwe ya udongo wa Sorrento, kwa sababu chuma chenye joto lile kingeunguza chini kabla ya juu kuiva. Ufundi wa wapika piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi mwaka 2017. Wa Forodhani, Unguja, nao wana piza yao, unga mwembamba uliokunjwa juu ya yai na nyama ya kusaga na kukaangwa kwenye bamba la chuma. Tamu, ila na ile ya Napoli zinachangia jina tu.

Sasa subira, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Udongo unaingiza joto polepole. Kigae huwekwa kikiwa baridi katika sufuria baridi, makaa yakiwa machache, kisha makaa yanaongezwa. Nusu saa ni kidogo. Saa nzima kwa kigae kinene si nyingi. Kukijaribu usikirushie maji. Nyunyiza unga kidogo: ukibaki mweupe, ngoja, ukiwa mweusi papo hapo, ondoa makaa ya chini, ukigeuka kahawia taratibu wakati wewe unahesabu pumzi zako, futa unga huo kwa kitambaa kikavu, lete mkate. Baada ya mkate wa kwanza kutoka, kigae kimepoteza joto na kinadai muda wa kulirudisha. Watoto wenye njaa hawalielewi hili. Wageni pia.

Kinachovunja kigae si moto mkali bali tofauti. Upande mmoja ukitanuka na mwingine ukabaki palepale, lazima papasuke. Ndiyo sababu ya ule mchanga chini: unagawa joto, usiache kaa moja likagusa mahali pamoja. Ndiyo sababu mfinyanzi mwenye akili huchanganya udongo wake na vipande vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, chembe ambazo zimekwishapita motoni na hazishtuki tena. Udongo laini uliochekechwa sana hupendeza macho na kupasuka mapema. Viwanda vinavyotengeneza mabamba ya piza vimefuata hoja ileile kwa njia nyingine: hutumia kodieriti, madini yaliyopewa jina la mwanajiolojia Mfaransa Pierre Louis Antoine Cordier, ambayo hutanuka kidogo mno yakipata joto. Haya ni mabamba yaleyale wafinyanzi wa Ulaya na Marekani wanayopangia vyombo vyao ndani ya tanuri.

Na maji. Udongo wa kigae una vitundu, na vitundu hunywa. Maji yaliyojificha ndani yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,600 hivi, hayaombi ruhusa ya kutoka. Kigae kilichooshwa jana na kuwekwa leo juu ya makaa makali kinaweza kulia kama risasi. Kwa hiyo hakioshwi. Nasema hivi nikijua nani anasoma: kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, na kuna dada zetu wanaosugua kwa majivu na mchanga mpaka chuma kitoe mwanga. Kigae kiacheni. Sabuni huingia ndani na kutoka tena ndani ya mkate. Mabaki yakwanguliwe kwa kisu butu au kwa kibao cha mti kigae kikiwa kimepoa, kisha kipanguswe kwa kitambaa. Kama ni lazima maji yaguse, yawe kidogo, na kigae kianikwe siku mbili kabla ya kuona moto. Wakati wa mvua kikae kwenye uchaga juu ya meko, moshi ukipita, wala si sakafuni.

Weusi utakuja. Kigae cha miaka kina ramani ya mikate yote iliyopita, na mtu asiyejua atakiita kichafu. Wengine hushauri kukipaka mafuta ili kisishike. Huko Ethiopia mitad, kigae kikubwa cha injera, husuguliwa kwa mbegu za mafuta zilizosagwa mpaka uso wake uteleze, na kwa rojo lile jepesi linalotakiwa kung'oka zima, ndivyo inavyofaa. Mexico hupaka chokaa kwenye vigae vya tortilla. Kila mkate una haki ya kuchagua uso wake. Chetu nakitaka kitupu, kwa sababu mafuta yaliyonyweka ndani hugeuka moshi na uchungu moto ukipanda, na kwa sababu mkate wetu mara nyingi lazima ushike kwanza ndipo uachie. Ukiubandua ukakataa, haujaiva chini. Ngoja dakika moja zaidi, utaachia wenyewe.

Kigae kipya kipate mioto midogo kabla ya moto wa kazi: makaa manne matano, kipoe palepale, kesho tena na makaa zaidi. Kisitolewe motoni na kuwekwa juu ya saruji baridi au majani yenye umande. Kiachwe ndani ya sufuria mpaka asubuhi. Na kikipasuka katikati siku moja, kama kitakavyopasuka, msikitupe. Vipande viwili vikisogezwa pamoja juu ya mchanga bado vinaoka, mradi mkate uwekwe kwenye kile kikubwa na ufa usiachiwe kunywa rojo.