Waya Uliokula Nusu Volti

Kompyuta yenyewe inaenea kiganjani. Ni Raspberry Pi 4, tuliyoiweka juu ya kabati katika maktaba ya shule moja hapa Dar es Salaam ili wanafunzi wasome Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vyao kwa Wi-Fi, bila kununua bando. Ndani kuna programu ya Kiwix, pembeni diski ya nje ya inchi 2.5, basi. Siku za mwanzo asubuhi ilitulia vizuri. Ikigonga saa nne, madarasa mawili yakiingia kwa mkupuo, inajizima, inajiwasha, inajizima tena, na diski inalia kwik, kwik kama kifaranga aliyeachwa na mamaye. Mwalimu wa maktaba alisema ni virusi. Mimi nikasema ni joto. Kumbe umeme ulikuwa haufiki.

Na kosa lilikuwa letu. Pesa zote ziliishia kwenye kompyuta na diski, cha kuipa umeme kikafikiriwa mwisho kabisa. Tukachukua kichwa cha chaja ya simu kilichokuwa kimelala kwenye droo, kimeandikwa 5V 2.4A, na waya wa mita moja tulioununua kwa machinga karibu na geti. Kwa hesabu ya kichwani ilitosha: ubao wa Pi 4 ukiwa umekaa tu hutumia kama ampia 0.6, ukichapa kazi unakaribia 1 au kupita kidogo, diski nayo nusu ampia. Jumla ampia 1.5 hivi. Chaja ya ampia 2.4 ina nafasi ya kupumua. Nani angeishuku?

Dawa ya ubishi ni kupima. Kwenye Pi kuna safu mbili za pini. Pini ya 4 inabeba volti 5 na ya 6 ni hasi. Nikaweka ncha za multimita hapo, huku mkono nimeuegemeza mezani, maana ncha ikiteleza na kuunganisha pini ya 4 na jirani yake ya 3, umeshaua ubao. Madarasa yakaingia. Namba ikaanza kushuka: 4.7, 4.55, 4.4. Nikahamia upande wa pili, kwenye kichwa cha chaja chenyewe: 5.05, haitikisiki. Kwa hiyo chaja, niliyoanza kuihukumu namba ilipokuwa inashuka, haikuwa na hatia. Volti 0.65 zilikuwa zinapotelea njiani, ndani ya ule waya.

Ukitaka kujua zilipotelea vipi, soma maandishi madogo yaliyopigwa kwenye ganda la waya wa USB. Ukikuta 28AWG/1P 24AWG/2C, ya kwanza inazungumzia nyaya za data na ya pili nyaya mbili zinazobeba umeme. Namba ikiwa ndogo, shaba ni nene. Waya wetu ulikuwa 28 kote kote. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita, na umeme unasafiri kwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja ni mita mbili za shaba: omu 0.43. Zidisha kwa ampia 1.5, unapata volti 0.64. Multimita ilikuwa imeshasema hivyo hivyo. Kama waya ungekuwa wa 24, zingepotea 0.25, wa 20, 0.1 tu.

Simu haijali mambo haya. Volti zikipungua, inapunguza mwendo wa kuchaji na wewe unalalamika kwamba chaja ni "slow". Kompyuta haina betri ya kuegemea. Pi 4 inaanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63: kama ina skrini inaonyesha kialama cha radi, kisha inajipunguzia kasi ili isianguke. Yetu haikuwa na skrini, kwa hiyo ilikuwa inapiga kelele gizani. Lakini malalamiko yanaandikwa. Andika amri vcgencmd get_throttled, nayo inajibu. Jibu la 0x0 ni shwari. 0x50005 maana yake umeme ni mdogo sasa hivi na kasi imepunguzwa. 0x50000, kwamba sasa umekaa sawa ila tangu kuwashwa yameshatokea. Sisi tulipata 0x50000 asubuhi na 0x50005 saa nne. Laiti ningeiandika amri hiyo siku ya kwanza, mwalimu asingefuta virusi ambavyo havikuwepo.

Tukashuka Kariakoo na bajeti ya kubana. Muuzaji wa kwanza akatupa ushauri unaosikika wa busara: chukueni chaja ya laptop ya wati 65, nguvu zibaki. Hapa ndipo wengi wanapoachia pesa. Wati 65 za chaja ya USB-C zinapatikana kwenye volti 20. Kwenye volti 5, chaja hiyo kwa kawaida inatoa ampia 3, yaani wati 15, na Pi haiombi kitu kingine zaidi ya volti 5. Hata zile chaja za kuchaji haraka hupandisha mpaka volti 9 pale tu simu inapoziomba. Kwa hiyo usiangalie namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi kwenye boksi. Geuza chaja, tafuta mstari wa 5V, soma ampia zilizo mbele yake.

Kuna na mtego wa zamani kidogo. Pi 4 za mwanzo, za mwaka 2019, zilitoka na kasoro kwenye tundu la USB-C: rezista moja ilifanya kazi ya mbili. Ukizichomeka kwa waya mzuri wenye chipu ndani, ule unaokuja na chaja za laptop, chaja inadhani imeunganishwa na kifaa cha sauti na haitoi umeme kabisa. Toleo la 1.2 la ubao lilirekebisha. Anayenunua Pi iliyotumika aliulizie hilo.

Tulichochukua mwishowe ni adapta ya aina wanayoiuza watengenezaji wenyewe: 5.1V, 3A, waya wa mita 1.5 wa unene wa 18 ulioshikana na adapta moja kwa moja. Ile 0.1 ya ziada imewekwa makusudi kufidia kinachopotea njiani, na kwa kuwa waya hauchomoki, hakuna mtu atakayekuja kuubadilisha na wa simu yake. Kwa shule, hilo la mwisho peke yake linatosha kuhalalisha bei. Ilikuwa ghali kuliko chaja ya mtaani, rahisi kuliko ile ya wati 65. Ambaye hana pesa ya hiyo, abaki na kichwa chake kizuri cha chaja na anunue waya mfupi, nusu mita, wa 20 au 22.

Ila kichwa kiwe kizuri kweli. Ndani ya chaja, umeme wa volti 230 na ule wa volti 5 unaoushika kwa mkono unatenganishwa na transfoma ndogo na milimita chache za nafasi kwenye ubao. Chaja feki hubana matumizi hapo hapo. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu la kiberiti, irudishe mezani.

Suala la umeme kukatika ni lingine, na adapta hailitatui. Memori kadi iliyo ndani ya Pi inaweza kuharibika umeme ukiondoka katikati ya kuandika. Ukifikiria pawabenki, nyingi hukata kwa kufumba na kufumbua zinapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri, na hiyo inatosha kuiwasha Pi upya, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuiamini. Kwa LUKU usihofu: Pi hii na diski yake, wastani wa wati 6 usiku na mchana, haifiki uniti 5 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya wati 80 ingekula zaidi ya 57.

Shule ikija kuhamia Pi 5, hesabu inaanza upya. Hiyo inataka 5.1V kwa ampia 5. Ukiipa adapta ya ampia 3 inawaka, lakini inavibania vifaa vyote vya USB kwa pamoja visizidi ampia 0.6, na diski inaweza kurudi kulia.

Yetu ya sasa imepita wiki ya mitihani bila kujizima. Jana saa nne, madarasa mawili ndani, pini ya 4 ilisoma 5.02, na amri ikajibu 0x0. Ule waya wa getini mwalimu anachajia simu yake, na anasema ni slow.