Fundi Anayekuambia Urudi

Ukitaka kumpima fundi wa injini, usimtazame anapokaza. Mikono yenye nguvu imejaa kila gereji. Msikilize anachosema baada ya kufunga boneti: "Itembee kidogo, halafu uniletee nirudie kukaza bolti za hedi." Wenye magari wengi hudhani anatafuta pesa ya pili. Mimi naamini hapo ndipo ufundi wake ulipofika kileleni, maana anazungumzia jambo lisiloonekana kwa macho.

Bolti iliyokazwa ni springi. Chukua ya chuma, yenye milimita 100 kutoka kichwani hadi nyuzi zinapoanza kushika. Ikikazwa kufikia megapaskali 400, hurefuka milimita 0.2 tu, unene wa karatasi mbili za daftari. Urefu huo mdogo ndio unaoibana hedi kwenye bloku, ukazuia moto, maji na oili visikutane. Sasa injini inapata moto. Hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bolti ya chuma, hivyo huivuta bolti na kuigandamiza gasketi iliyo kati ya hedi na bloku. Gasketi ya kizamani, ile ya nyuzi zilizoshindiliwa, hunywea na hairudii unene wake. Vinundu vidogo chini ya kichwa cha bolti navyo hulala. Ikipotea milimita 0.02 tu, asilimia 10 ya mkazo imekwenda. Bolti haijazunguka hata kidogo, na alama ya rangi aliyoiweka fundi iko palepale.

Chuma chenyewe nacho huchoka kushikiliwa. Kikivutwa na kuzuiwa kwa urefu uleule, sehemu ya mvuto wake hugeuka polepole kuwa urefu wa kudumu, na joto huharakisha. Ndiyo maana bolti za mitambo mikubwa ya mvuke hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromi, molibdeni na vanadi.

Mtazame basi fundi anaporudia. Injini imepoa. Anaanza katikati ya hedi, anakwenda nje kwa zamu. Bolti moja anailegeza kidogo, anaikaza tena mpaka kipimo cha kitabu, ndipo anagusa inayofuata. Kwa nini ailegeze kwanza? Kwa sababu bolti iliyokwisha kukaa imeshikwa na msuguano, na ukiisukuma hivyohivyo spana itapima ule msuguano, si mkazo. Hata bolti safi hugeuza takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya mkono kuwa mkazo. Iliyobaki huliwa chini ya kichwa na kwenye nyuzi. Ajuaye hilo hasafishi nyuzi kwa pupa, wala hapaki oili mahali kitabu hakikusema.

Elimu hiyohiyo ndiyo iliyojenga madaraja. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet aliona tao la daraja lake la Le Veurdre, juu ya mto Allier, likishuka mwezi baada ya mwezi, kwa kuwa zege lililobanwa hufupika taratibu. Alilinyanyua kwa jeki, usiku, na watu wachache aliowaamini. Mwaka 1928 alisajili hataza ya zege lililokazwa kwa nyaya za chuma kigumu sana. Hapa ndipo ninapomvulia kofia: nyaya hizo huvutwa mbali kiasi kwamba zege likifupika, hasara ni sehemu ndogo ya mvuto wote. Chuma laini kingepoteza karibu kila kitu. Kwa sababu hiyohiyo bolti ndefu hudumu na mkazo wake kuliko fupi. Leo nyaya za kawaida zikivutwa asilimia 70 ya nguvu yake huhesabiwa kupoteza hadi asilimia 8 baada ya saa 1,000. Zilizotengenezwa mahsusi hupoteza asilimia 2.5.

Injini nyingi mpya zina gasketi za tabaka za chuma na bolti za kutumika mara moja, na hizo hazirudiwi. Fundi mzuri hufungua kitabu kwanza. Lakini nati za magurudumu bado ni zilezile. Ukishafungwa tairi, simama baada ya kilomita 50 hadi 100, toa spana, zirudie zote. Na fundi akikutajia siku ya kumrudishia gari, mpelekee siku hiyo.