Pongezi kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Jumamosi asubuhi katika mitaa ya Dar es Salaam, viti vya plastiki hupangwa uani, mkeka hutandikwa, na majirani huwasili na Biblia mkononi. Jumuiya inaanza.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, wakikutana Nairobi, walizifanya jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji. Nyingi hubeba jina la mtakatifu msimamizi, kama Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda aliyeuawa Namugongo mwaka 1886.

Injili ya Jumapili husomwa polepole. Muuza mboga na mwalimu mstaafu, kila mmoja kwa zamu, hueleza neno lililomgusa. Kisha huulizwa: nani anaumwa? Nani kafiwa?

Hapo ndipo Neno linapoota miguu. Mhazini hukusanya mchango, vijana hubeba kuni na maji hadi msibani, akina mama hulala matanga na mjane. Majirani walionuniana hukalishwa pamoja mpaka wapeane mikono.

Hongera kwa wenyeviti, makatibu na wahazini wanaoifanya kazi hii bila mshahara. Wanaijua kila nyumba ya mtaa wao, na mgonjwa aliyelala ndani yake.