Wito Usio na Safari: Barua ya Félicité Niyitegeka na Wasomaji Wake

Mahubiri ya Kikristo huusimulia wito kama safari: Ibrahimu anaiaga nchi ya baba yake, Petro anaziacha nyavu. Barua fupi ya Félicité Niyitegeka inaupindua mpangilio huo. Aprili 1994, Mhutu huyu aliyejiweka wakfu katika Kanisa Katoliki alikuwa akiwaficha Watutsi katika Kituo cha Mtakatifu Petro, mjini Gisenyi, na kuwasaidia wengine kuvuka hadi Goma. Wilaya ya Rubavu, kuanzia mjini hadi Bugeshi, inapakana na Kongo. Njia ya kutoka ilikuwa karibu. Kaka yake, kanali wa jeshi, alitaka kumwokoa. Alimjibu kwa maandishi kwamba hatawaacha watu 43 aliokuwa nao. Aliuawa mwezi huohuo pamoja na wakimbizi.

Wasomaji wengi huisoma barua hiyo kama sala, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, hupunguzwa makali. Kwanza kabisa ni jibu la dada kwa kaka mwenye cheo. Raha inayokataliwa humo si kitanda wala mshahara, bali udugu unaoweza kumtoa mmoja na kuwaacha wengine. Ndiyo maana uzito wote unaiangukia ile idadi.

Rwanda imemweka Niyitegeka katika daraja la mashujaa la Imena, na anastahili. Hata hivyo, sifa zinazomtaja yeye peke yake huwarudisha kivulini wale 43, ambao hawakuwa na kanali wa kuwaombea njia wala hawakupewa la kuchagua. Mitaala ya historia na dini ingepaswa kuifundisha barua hii ikianza nao.