Fundi wa Picha Laini

PlayStation 2 huanza kufa kwenye lenzi. Bodi bado nzima, padi bado zinaitika, lakini mwanga unaosoma diski umefifia na skrini inabaki nyeusi. Sony iliuza zaidi ya milioni 150 za konsoli hiyo tangu mwaka 2000, ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na gemu yake ya mwisho, Pro Evolution Soccer 2014, ikatoka kabla mwaka huo haujaisha. Katika vibanda vya gemu vya Kondele, Manyatta na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, diski zimedumu kuliko mashine zilizozisoma. Yupo fundi mjini humo anayezihamishia kwenye kompyuta za mitumba, zile tunazoziita ex-UK, na kazi yake inastahili kutazamwa bila haraka.

Mteja wa leo ni mama mwenye kibanda Manyatta. Amekuja na konsoli iliyochoka, mfuko wa diski, televisheni ya kibandani na pesa zisizofika kompyuta mpya. Fundi hagusi habari ya bei. "Mama, watoto wanapenda gemu gani?" anauliza. Kandanda, anajibiwa, Tekken 5, San Andreas, God of War. Anaandika yote kwenye daftari na kuweka alama kando ya God of War. Hiyo ndiyo nzito. Mashine itakayoibeba itabeba na zilizobaki.

Kwenye rafu zimepangwa Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizostaafu maofisini ng'ambo. Karibu zote zina kibandiko cha Core i5, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Fundi hasomi kibandiko. Anaiwasha kila moja, anafungua taarifa za mfumo, anatafuta namba kamili hadi herufi ya mwisho. Prosesa ya i5-4590 huenda gigahezi 3.3 na kupanda mpaka 3.7. Ndugu yake i5-4590T, aliyeundwa kuokoa umeme, huanzia 2.0 na kukomea 3.0. Kwa barua na hesabu za duka hakuna atakayeona tofauti. Kwa kazi hii, yenye T inarudi rafuni.

Sababu iko ndani ya PlayStation 2 yenyewe. Prosesa yake kuu, Emotion Engine, ilienda megahezi 295 hivi, ikisaidiwa na vitengo viwili vya hesabu za vekta na chipu ya michoro yenye megabaiti 4 tu za kumbukumbu ndani yake. Leo vinaonekana vitu vidogo. Lakini vilikuwa vikingojeana na kupokezana kazi bila kukoma, na PCSX2, programu inayoiiga konsoli hiyo, lazima itafsiri kila agizo na ilinde mpangilio huo wa zamu. Kazi ya namna hiyo haigawanyiki kwa viini vinane vya polepole. Inataka kiini kimoja chepesi sana, cha pili cha kushika picha, na cha tatu cha hesabu za vekta. Viini vinne vinatosha. Kinacholipiwa ni wepesi wa kila kimoja. Naona huu ndio ujuzi unaookoa pesa za maskini kuliko punguzo lolote la dukani.

Mashine iliyochaguliwa inafunguliwa. Pesti ya joto kati ya prosesa na kipozeo imekauka, inamomonyoka ikiguswa. Anaifuta kwa pamba na spiriti mpaka chuma kionyeshe uso wake, anaweka tone dogo katikati, kisha anakaza skrubu kwa mshazari, robo mzunguko huku na robo kule, ili kipozeo kilale sawasawa. Mchana Kisumu joto hukaribia nyuzi 30, na prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe: gemu itakimbia vizuri mwanzoni, halafu ianze kuvuta. Tena kuna wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kwa mawingu na kufuata mwanga jioni. Maiti zao hujaa kwenye feni. Kwa hiyo anafunga kipande cha chandarua mbele ya tundu la hewa, akiacha nafasi ili hewa isizibwe, na kumwonyesha mama jinsi ya kukipangusa kwa brashi.

Inafuata RAM. Anachomoa kipande kimoja cha gigabaiti 8 na kuingiza viwili vya 4.

"Umetoa moja ukaweka mbili," mama anasema. "Hapo nalipa zaidi, kijana wangu?"

"Hapana, mama. Ni kubadilishana tu."

Jumla haijabadilika, lakini sasa data inapita njia mbili badala ya moja, gigabaiti 25.6 kwa sekunde badala ya 12.8. Michoro ya Intel HD 4600 iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Hukopa kwenye RAM, na upana wa njia hiyo ndio pumzi yake. Pesa zingeruhusu angeongeza GT 1030, kadi fupi ya michoro inayokula wati 30 bila waya wa ziada. Hata hapo angegeuza boksi kutafuta neno GDDR5, kwa kuwa ipo nyingine ya jina hilohilo yenye DDR4, inayopitisha data karibu theluthi tu ya mwenzake.

Diski ndizo zinazokula saa. BIOS, programu ya kuwashia konsoli ambayo PCSX2 huihitaji, anaitoa kwenye konsoli ya mama mwenyewe, kwa kadi ya kumbukumbu na flashi, kwa sababu ni mali ya Sony na hataki kuokota ya mtu mwingine. Kisha diski moja baada ya nyingine inafutwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuingizwa kwenye kisomeo cha DVD cha kompyuta. Ya Tekken ina mikwaruzo. Kisomeo kinasita, kinarudia, kinasonga tena. Fundi anapunguza kasi ya kusoma na kuiacha. "Mos mos," anasema kwa Kijaluo, yaani polepole, na kugeukia kazi nyingine.

Mipangilio anaigusa mmoja mmoja, kamwe si miwili kwa pamoja. Kwa kuchora picha anachagua Direct3D 11, kwa kuwa Intel haikuipa HD 4600 njia ya Vulkan kwenye Windows. Picha anaianzisha kwenye ukubwa wake wa asili. Anawasha mpangilio unaozipa hesabu za vekta kiini chao. Ile mbinu ya kuruka mizunguko ya Emotion Engine haigusi: namba hupanda huku mwendo wa gemu ukiharibika. God of War inafunguka, naye anatazama asilimia pembeni mwa skrini, prosesa na michoro kila moja na yake. Michoro ina nafasi. Anaongeza ukubwa wa picha mara mbili, anarudia pambano lilelile, anasikiliza. Kasi ikishuka sauti huvutwa, na sikio lake hulijua hilo kabla ya jicho.

Kwenye kandanda linatokea jambo nililolistaajabia kuliko yote. Kasi inasoma asilimia 100, sauti ni safi, lakini kamera ikifuata mpira uwanja unashtukashtuka. Wengine wangelaumu prosesa. Fundi anatazama kitambo, kisha anaitoa diski na kusoma jalada lake: PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya. Gemu inatoa fremu 50 kwa sekunde, moja kila milisekunde 20. Televisheni inajichora mara 60. Ni wapiga makasia wawili katika mtumbwi mmoja, kila mmoja na mapigo yake. Kati ya kila fremu tano, moja inaonyeshwa mara mbili, na jicho linauona mruko huo. Hakuna kifaa cha kununua hapa. Anafungua mipangilio ya skrini, anaishusha televisheni hadi hezi 50, na uwanja unateleza. Ndiyo maana aliomba televisheni yenyewe iletwe.

"Na PS3 itaingia, fundi?"

"Hii hapana, mama. Prosesa ya ile ilikuwa na vitengo sita vya pembeni vinavyofanyia gemu kazi kwa pamoja, viini hivi vinne vitaelemewa. Ukitaka za PSP, hizo zitakimbia bila shida."

Anaandika mipangilio ya kila gemu kwenye karatasi, hezi 50 kwa kandanda, ukubwa mara mbili kwa God of War, na kuibandika ndani ya kifuniko, mahali ambapo fundi yeyote atakayekifungua ataiona. Tekken bado inasomwa. Anamwambia mama arudi kesho, kwa sababu hataki kumkabidhi mashine yenye gemu ambayo hajaicheza mwenyewe.